Anga Mlilokuja Nalo

Hotuba kwa wanafunzi wapya kutoka Afrika Mashariki, Minneapolis, Minnesota

Mwenyekiti wa jumuiya yetu, wazee wetu mlioko hapa, shikamooni. Wadogo zangu mliofika mwezi huu, ambao bado mnaamka saa nane za usiku kwa sababu mwili uko Nairobi na Dar es Salaam, poleni na safari, karibuni sana.

Mwenyekiti ameniomba nizungumzie kozi moja tu. Najua kuna wanaojiuliza kwa nini tusiongelee viza, kazi za chuoni au bima ya afya. Hayo yana wasemaji wake, wako hapo mstari wa mbele, wanasubiri nimalize. Mimi nasimamia vipindi vya maabara vya kozi ya utangulizi ya astronomia, ile ambayo wanafunzi wa Marekani wanaiita Astro 101 hata kama kwenye ratiba ina namba nyingine kabisa. Kila muhula napata vijana wawili watatu kutoka kwetu. Nimewaona wanavyoanza, wanavyoshtuka, wanavyonuna, na wengi wao wanavyomaliza vizuri. Ndiyo nitakayowaeleza.

Kwanza, kwa nini mtakutana nayo. Nyumbani ukipangiwa uhasibu, unasoma uhasibu tangu siku ya kwanza mpaka joho. Huku shahada ya kwanza ina fungu la masomo ya jumla ambayo kila mtu lazima ayachukue, na karibu kila chuo kinadai angalau kozi moja ya sayansi, mara nyingi yenye maabara. Kwa hiyo mtu wa uhasibu, mtu wa muziki na mtu wa ustawi wa jamii wanajikuta wanachagua kati ya biolojia, kemia, jiolojia na nyota. Nyota zinapata wateja wengi. Makadirio yaliyokuwa yakitajwa mwanzoni mwa karne hii ni kwamba wanafunzi wapatao robo milioni nchini Marekani huchukua kozi hii kila mwaka, na kwa wengi wao hiyo ndiyo sayansi ya mwisho watakayosomea darasani maishani mwao.

Wanaichagua kwa uvumi. Uvumi unasema ni rahisi: hakuna kupasua chura, hakuna harufu ya kemikali, unaonyeshwa picha nzuri za darubini ya Hubble, unaondoka na alama ya A. Vijana wetu wanausikia uvumi huohuo kwenye kundi la WhatsApp kabla hata hawajapanda ndege. Huko nyumbani nako kuna uvumi wa aina yake. Mama wa mwanafunzi wangu mmoja aliuliza kwenye simu, kwa uchungu kabisa, kama ada yote ile ya Marekani ni ya kwenda kujifunza kusafisha nyota.

Wiki ya tatu au ya nne uvumi unakufa. Picha zinakwisha, inaingia fizikia: mwanga, mvutano, joto, kasi. Mwanafunzi anaambiwa kwamba karibu kila tunachojua kuhusu nyota kimetoka kwenye mwanga wake peke yake, uliotawanywa rangi kwa rangi, na kwamba mistari myeusi iliyo katikati ya rangi hizo inaeleza nyota imeundwa na nini. Anakutana na Cecilia Payne, ambaye mwaka 1925, akiwa binti wa miaka 25, aliandika tasnifu iliyoonyesha kuwa nyota ni haidrojeni na heli kwa sehemu kubwa mno, wakati wakubwa wa fani waliamini zina mchanganyiko unaokaribiana na wa dunia. Mtihani wa katikati ya muhula unauliza mambo hayo, na darasa zima linatoka limenyamaza.

Hesabu zenyewe si tatizo kwenu. Aliyepita kidato cha nne kwetu ameshazoea vipeo vya kumi. Kumwambia mwaka wa mwanga ni kilomita trilioni 9.46 hakumtoi jasho, na wenzake Wamarekani watamzunguka kuomba msaada. Vijana wetu wanapoteza alama kwenye swali linalosema: eleza kwa sentensi mbili au tatu. Wanaandika jibu sahihi la neno moja, wanapewa nusu, halafu wanakuja kwangu wamekasirika.

Sasa nataka nikae kidogo kwenye swali moja, kwa sababu lina jambo ambalo sijaliona likielezwa kwenye kitabu chochote cha kozi hii.

Wiki ya kwanza mwalimu huuliza: kwa nini hapa Minnesota Julai kuna joto na Januari kuna baridi? Wamarekani wengi hujibu kwamba wakati wa joto dunia huwa karibu na jua. Ni kosa mashuhuri sana. Mwaka 1987 kuna filamu ya elimu iliyowauliza swali hilo wahitimu wa Harvard wakiwa bado wamevaa majoho, na wengi wa walioulizwa wakatoa jibu hilohilo la umbali, tena kwa kujiamini. Tangu hapo walimu wa kozi hii wanalivizia kila Septemba.

Kijana wa kutoka Dar es Salaam naye hujibu hivyo. Ila yeye ana ushahidi. Januari Dar kunachemka, feni haitoshi, watu wanalala sebuleni milango wazi. Julai kuna upepo mzuri, na ukipanda Njombe unavaa koti. Halafu anafungua jedwali nyuma ya kitabu na kukuta kweli: dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, kama kilomita milioni 147, na huwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, kama milioni 152. Kila kitu kinakaa sawasawa! Nadharia ambayo kwa mtoto wa Minnesota inapingana na jedwali, kwa mtoto wa Dar inakubaliana na jedwali na inakubaliana na ngozi yake. Amekosea, lakini amekosea kwa hoja nzuri kuliko jirani yake, na ukimwekea alama ya mkasi ukapita, hujamsaidia chochote.

Dawa yake ni kumwacha aipeleke hoja yake mpaka mwisho. Kama umbali ndio sababu, basi Januari dunia nzima ipate joto, maana dunia yote ndiyo imesogea. Minneapolis ipate joto. Kwa kuwa amefika Agosti, hajaijua Januari ya hapa. Ngojeni. Wazee hawa watawaambia kwamba nyuzi 20 chini ya sifuri hapa si habari ya kutangazwa gazetini. Hoja ya umbali inafia hapo kwenye kituo cha basi, na mtu anaanza kutafuta sababu nyingine akiwa na haja nayo kwelikweli.

Sababu ni kuinama kwa mhimili wa dunia, nyuzi 23.4, na kazi ya maabara ni kupima kuinama huko kunafanya nini. Tunazima taa. Kila jozi inapewa tochi na karatasi ya miraba. Ukimulika wima, mwanga unafunika duara dogo, unahesabu miraba. Kisha unaiinamisha tochi mpaka mwale ufike kwenye karatasi kwa pembe ya nyuzi 22, ambayo ndiyo urefu wa jua saa sita mchana hapa Minneapolis tarehe 21 Desemba. Duara linanyooka likawa yai refu, na miraba iliyofunikwa inakuwa mara mbili na robo tatu hivi ya ile ya kwanza. Mwanga ni uleule, betri ni ileile, ila sasa umegawanywa kwa eneo kubwa. Ile tofauti ya umbali kati ya Januari na Julai inabadilisha mwanga tunaoupata kwa asilimia 7 tu. Kuinama kunauzidi mbali sana, na bado hujahesabu kwamba mchana wenyewe wa Desemba hapa hautimizi urefu wa saa tisa.

Halafu inakuja hesabu inayowafanya watu wa pwani wabishe. Juni, saa sita mchana, jua liko juu zaidi Minneapolis kuliko Dar es Salaam. Hapa nyuzi 68, Dar nyuzi 60. Wanarudia hesabu. Wanamuuliza na mwingine. Ndivyo lilivyo: Dar iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na Juni jua limekwenda kaskazini. Yule kijana aliyeanza na hoja ya umbali anagundua kwamba joto lake la Januari lilikuwa la kweli, ila sababu aliyoitoa ndiyo haikuwa yenyewe. Siwezi kueleza jinsi uso unavyobadilika hapo. Wengine wanacheka peke yao.

Nimelirefusha hilo kwa makusudi. Vitabu vya kozi hii vimeandikwa na watu wanaoishi kati ya nyuzi 30 na 50 kaskazini, kwa ajili ya watu wanaoishi hukohuko. Anga la kitabuni ni anga la hapa. Ninyi mmekuja na anga jingine kichwani, mmelitazama miaka 18 au 20, na jambo ambalo wengi wenu watafanya, kwa adabu tuliyolelewa nayo darasani, ni kulifungia sandukuni na kukariri la kitabu. Msifanye hivyo. Katika vijana niliowaona, waliofanya vizuri ni wale walioyagonganisha maanga hayo mawili mbele ya darasa.

Na darasa lenyewe limetengenezwa kwa ajili ya kugonganisha. Hili nalo litawashangaza. Mwalimu anaongea dakika kumi au kumi na tano, anasimama, anaweka swali ukutani lenye majibu manne. Kila mtu ana kifaa kidogo cha kupigia kura, wanakiita klika, au anatumia simu yake. Unapiga kura kimya. Kisha anasema: geukia jirani yako, mshawishi. Ukumbi wa watu 200 unalipuka kelele. Baada ya dakika mbili mnapiga kura tena. Eric Mazur wa Harvard alianza kufundisha fizikia kwa mtindo huo mwaka 1991, na watu wa astronomia wakaushika kwa nguvu. Mwaka 2009 kundi la Edward Prather wa University of Arizona lilichapisha utafiti juu ya wanafunzi karibu 4,000 katika vyuo 31, na kilichotofautisha madarasa kilikuwa kiasi cha wanafunzi kushughulishwa namna hiyo. Ukubwa wa darasa haukuwa neno, wala aina ya chuo. Sasa fikirini kijana aliyesoma kwetu, ambako kelele darasani ilikuwa inaandikwa jina ubaoni na kiranja. Siku za mwanzo anakaa anaangalia mbele kama anasubiri mwalimu arudi kazini. Anadhani wenzake hawana nidhamu. Na ushiriki una alama, kwa hiyo kila ukimya wake unamgharimu.

Kuna swali moja la klika ninalolipenda. Linauliza: ni siku ngapi kwa mwaka hapa mjini kwetu jua la saa sita litakuwa utosini kabisa, fimbo iliyosimama wima isiwe na kivuli? Kila siku, siku moja mwezi Juni, siku mbili, hakuna hata moja. Wamarekani wengi wanachagua kila siku, au siku moja ya Juni. Jibu ni hakuna, kwa sababu jua halipiti nyuzi 23.4 kaskazini na sisi tuko nyuzi 45. Muhula mmoja binti wa Mombasa alichagua siku mbili. Jirani yake, mvulana wa Wisconsin, akamwambia haiwezekani, jua linakuwa utosini kila siku saa sita, ndiyo maana ya saa sita. Wakabishana. Yeye akasema ameona kwa macho yake, uwanja wa shule, Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, watoto wanakanyaga vivuli vyao vinapotea. Mvulana akamwuliza kwa nini basi vinapotea mara mbili. Hapo binti akalazimika kuchora dunia kwenye kona ya daftari, na katika kuchora akaona mwenyewe kwamba la kwake lilikuwa jibu la Mombasa. Wote wawili walikuwa wamekosa. Wote wawili walitoka na jambo ambalo hotuba yangu mimi isingewapa.

Jambo la mwezi ni fupi lakini lina machungu kidogo. Kwenye karatasi za maabara za huku, mwezi mwandamo huchorwa umesimama, nusu yake ya kulia ndiyo inang'aa. Mwanafunzi mmoja kutoka Lamu, aliyekua akipanda darini na babu yake kuutafuta mwezi wa Ramadhani, aliuchora umelala chali, pembe zote mbili zikitazama juu. Msimamizi wa maabara ile, ambaye hakuwa mimi, akaukata kwa kalamu nyekundu. Binti alinyamaza wiki nzima. Kisha akaleta picha aliyotumiwa na ndugu yake, mwezi juu ya mashua, umelala vilevile alivyochora. Alama zikarudishwa.

Sababu yake inafaa muijue kabla hamjakatwa. Upande unaong'aa wa mwezi siku zote unaelekea kwenye jua. Kwetu, karibu na ikweta, njia ya jua na mwezi inashuka kwenye upeo wa magharibi karibu wima, kwa hiyo jua lililokwisha zama liko chini ya mwezi, na mwezi unang'aa tumboni. Hapa njia hiyo inashuka kwa mshazari, hasa wakati huu unaokuja wa majani kupukutika, kwa hiyo jua liko chini kulia, na mwezi unang'aa ubavuni. Mwezi ni uleule, tumeinama sisi. Na mkiulizwa kinachosababisha mwezi kuwa nusu, tafadhali msijibu kivuli cha dunia. Tazameni alasiri yoyote nusu mwezi ukiwa angani pamoja na jua, kisha mniambie kivuli cha dunia kimefikaje pale.

Saa zetu nazo mtazielewa upya. Kuhesabu saa tangu jua linapochomoza kunawezekana kwa watu ambao jua lao linachomoza karibu wakati uleule mwaka mzima. Hapa Desemba litachomoza saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama saa kumi na nusu jioni. Juni litachomoza saa kumi na moja na nusu alfajiri na kuzama saa tatu usiku. Waliofunga Ramadhani hapa ilipoangukia Juni, kama miaka ya 2015 na 2016, wapo humu ndani, waulizeni walivyoisubiri hiyo saa tatu. Ninyi mmekuja wakati mzuri, Ramadhani imeingia kwenye baridi, futari ni mapema.

Mtakutana pia na majina ya nyumbani mahali msipoyategemea. Katika sura ya mashimo meusi kuna satelaiti inaitwa Uhuru, na profesa wenu atalitamka jina hilo kwa namna yake. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Kenya kutimiza miaka saba ya uhuru, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi. Jukwaa lilikuwa la Waitaliano, roketi na satelaiti za Wamarekani, na aliyeipa jina ni Marjorie Townsend wa NASA aliyeusimamia mradi. Walikwenda Malindi kwa sababu kwenye ikweta dunia inazunguka kwa kasi kubwa kuliko kwingine, kama kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inaipata kasi hiyo bure. Ilikuwa satelaiti ya kwanza kutumwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei angani tu, na vipimo vyake vya chanzo cha eksirei kiitwacho Cygnus X-1 vilisaidia kulifanya shimo jeusi kuwa jambo la kujadiliwa kwa ushahidi. Riccardo Giacconi, mwanasayansi aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobeli mwaka 2002. Nimeona Wakenya wakikaa wima kwenye viti siku hiyo. Nawapa ruhusa kuringa dakika tano.

Vilevile, sura ya umbali wa nyota inaanza na Alpha Centauri, jirani yetu wa karibu baada ya jua, miaka ya mwanga 4 na kidogo. Wenzenu wote wa Minnesota wanaikariri bila kuiona, kwa sababu kutoka hapa haichomozi kamwe. Ninyi mmeiona. Mei au Juni, usiku wa mapema, mtu akiwa Dar, Tanga au Mombasa na akitazama kusini, ni ile nyota kali iliyo kando ya Msalaba wa Kusini. Kwa kubadilishana, hapa mtaiona Nyota ya Kaskazini iko nusu ya njia kati ya upeo na utosi, ambayo kutoka Dar haionekani hata siku moja. Na Kilimia kipo hapa pia. Babu na bibi zetu waliosema kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua, walikuwa wanafuatilia jambo ambalo kitabu kinalieleza kwa kurasa tatu: Mei kundi hilo linamezwa na mwanga wa jua, na Juni linarudi mashariki alfajiri.

Ngoja niwaeleze mradi mmoja wa mwisho wa muhula, kisha nikae.

Kitabuni kuna Eratosthenes, msomi Mgiriki wa kale aliyekuwa Alexandria, Misri, karibu miaka 240 kabla ya Kristo. Alisikia kwamba huko Syene, Aswan ya leo, siku moja ya mwaka jua la saa sita linaingia mpaka chini ya kisima, wakati Alexandria fimbo ina kivuli. Kwa tofauti ya pembe na umbali wa miji miwili akakadiria mzunguko wa dunia. Wamarekani wanafanya zoezi hili kwa namba za kitabuni. Kijana mmoja wa kwetu, mtu wa uhasibu kwelikweli, akakumbuka kwamba Dar nayo ni Syene mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu tarehe 10 Oktoba. Akampigia simu dada yake Kinondoni. Dada akasimamisha mpini wa fagio uani, akaunyoosha kwa uzi uliofungwa jiwe, na saa sita na dakika kumi akapiga picha: mpini umesimama juu ya kivuli chake, hakuna kitu. Huku kijana akangoja saa saba mchana, maana kwa saa za Oktoba jua la hapa linafika kilele saa hiyo, akapima kivuli cha fimbo ya mita moja mbele ya maktaba. Sentimita 129 hivi. Pembe ikatoka kama nyuzi 52. Umbali wa kaskazini hadi kusini akauchukua kwenye ramani, kama kilomita 5,760, akagawanya, akazidisha, akapata mzunguko wa karibu kilomita 39,900. Ule wenyewe, ukipita kwenye ncha, ni 40,008.

Profesa alimpunguzia alama mbili. Alisema ramani tayari inaujua ukubwa wa dunia, kwa hiyo umbali ule umeliingiza jibu kwa mlango wa nyuma. Ni kweli. Kijana akaja kwangu kulalamika, tukakaa tukaitafuta njia ya kuupima umbali bila ramani, mpaka leo tunaitafuta, na kwenye kutafuta huko nadhani alijifunza zaidi kuliko alivyopoteza. Bado anasoma uhasibu.

Ya matumizi sasa, haraka. Msinunue kitabu kabla ya kuuliza: OpenStax, mradi wa Rice University, wana kitabu kizima cha astronomia bure mtandaoni, na walimu wengi wanakitumia. Nguo za baridi nunueni kabla ya usiku wa darubini. Juu ya paa mwezi wa Novemba hakuna atakayewaazima koti, na kumwona Zohali na pete zake huku unatetemeka kunakatisha utamu. Mawingu yakija, usiku unaahirishwa, someni baruapepe. Profesa ana saa zake za kupokea wanafunzi ofisini, na kwenda huko si kujipendekeza wala si dalili ya kushindwa kama tunavyodhani sisi. Wanaokwenda ndio anaowajua majina. Maswali ya kueleza, yafanyieni mazoezi kwa kumpigia simu mdogo wako nyumbani na kumweleza kwa Kiswahili. Akikuuliza swali ukakwama, hapo ndipo mtihani utakapokushika.

Na mkitaka kubadilisha kozi, tarehe ya mwisho iko mapema sana kwenye kalenda ya chuo, iangalieni usiku huuhuu. Nimeona akina mama wanafunua masufuria ya pilau kule nyuma, na mwenyekiti ananitazama. Mtu wa viza aje, mimi maswali nitayajibu tukiwa kwenye sahani.